Kutoka Maganzo Hadi Vilindini mwa Dunia

Msafiri atokaye Shinyanga mjini kwenda Mwanza hufika Maganzo mapema, kabla kiti cha basi hakijapata joto. Maganzo ni mji mdogo wa barabarani katika Wilaya ya Kishapu: maduka, mama lishe, mafundi baiskeli, na watu wanaozungumza kwa sauti ya chini juu ya mawe. Jirani yake ni Mwadui, penye mgodi wa almasi uliovumbuliwa mwaka 1940 na ambao jina lake linajulikana mbali sana na Usukuma.

Katika kamusi elezo ya mtandaoni iitwayo Wikipedia, toleo la Kiswahili, Maganzo ina ukurasa wake. Ni ukurasa wa mistari michache. Humweleza msomaji kwamba Maganzo ni kata, na kwamba imo katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Msomaji mwenye haraka atafunga hapo na kwenda zake. Lakini kamusi elezo ya namna hii ina maneno yaliyotiwa rangi ya buluu, na kila neno la buluu ni mlango wa kuingilia ukurasa mwingine. Makala haya yanaeleza safari moja iliyopita katika milango hiyo, kutoka toleo la Kiswahili hadi matoleo ya lugha nyingine, na mambo ya kustaajabisha yaliyokutwa njiani.

Tuanze na jina lenyewe. Mswahili akisikia "wiki" hudhani ni siku saba. Sivyo. Mwaka 1995 Mmarekani mmoja mtaalamu wa kompyuta, Ward Cunningham, alibuni namna ya kuandika kurasa za mtandao ambazo msomaji yeyote aweza kuzisahihisha papo hapo. Akakumbuka basi dogo la uwanja wa ndege wa Honolulu lililoitwa "Wiki Wiki", na katika lugha ya Kihawaii neno hilo maana yake ni haraka haraka. Wikipedia ya Kiingereza ilianza tarehe 15 Januari 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Sisi tuliofundishwa kwamba haraka haraka haina baraka tuna sababu ya kuisoma kamusi elezo ya "haraka haraka" kwa uangalifu, na ndivyo tutakavyofanya.

Jiwe la mwanafunzi

Sababu ya safari hii ilikuwa jiwe. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alimjia mwandishi wa makala haya baada ya kipindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

Akafungua kitambaa na kuweka mezani jiwe jeupe linalong'aa, kubwa kama ncha ya kidole gumba. Baba yake mdogo alikuwa amelinunua kwa mtu wa njiani, kwa fedha zilizotokana na mauzo ya ng'ombe mmoja, na sasa alikuwa akifikiri kuuza wa pili ili anunue jingine. "Tumelijaribu, Mwalimu," alisema kijana. "Linakwaruza kioo. Tena tumeambiwa tulipige nyundo. Likivunjika si almasi. Baba mdogo ameniambia nikuulize kwanza."

Alifanya vema kuuliza kwanza. Hilo jaribio la nyundo lina historia ndefu kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Miaka karibu elfu mbili iliyopita Mrumi aitwaye Pliny alitunga kitabu kikubwa chenye sehemu 37 juu ya kila kitu kilichojulikana wakati wake: nyota, wanyama, miti, madini. Waandishi wengi humhesabu miongoni mwa mababu wa kamusi elezo zote. Katika sehemu ya mwisho, ihusuyo vito, alieleza kwamba almasi ikiwekwa juu ya fuawe na kupigwa, hupasuka nyundo na fuawe pia, lakini almasi hubaki nzima. Akaongeza kwamba kitu kimoja tu huweza kuilainisha: damu ya beberu, ikiwa mbichi na ya moto. Pliny mwenyewe alifariki mwaka 79 katika mlipuko wa volkano ya Vesuvius, lakini maelezo yake hayakufa naye. Yalinakiliwa kitabu hadi kitabu kwa karne nyingi, na hadi leo kuna watu wanaoamini ile nusu ya kwanza, ingawa beberu wamesahauliwa.

Ukweli ni kwamba almasi ikipigwa nyundo huvunjika, na huvunjika kwa urahisi. Hapa lugha yetu ya kila siku inatupotosha, kwa sababu neno "ugumu" tunalitumia kwa mambo mawili. Kuna ugumu wa kustahimili mkwaruzo, na kuna ugumu wa kustahimili pigo. Kwa mkwaruzo almasi haina mshindani kati ya madini ya kawaida. Katika kipimo kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho wanafunzi wa jiografia wanakijua, almasi ni namba 10, ya mwisho. Kwa pigo mambo ni mengine. Atomi za almasi zimepangwa katika safu zenye mielekeo minne ambayo fuwele yake hukubali kupasuka, mfano wa gogo linavyokubali kupasuka kufuata nyuzi zake na kukataa upande mwingine. Wachongaji wa vito wameitumia siri hiyo tangu zamani. Kwa hiyo mtu aliyeokota almasi ya kweli na kuijaribu kwa nyundo ataishia kuwa na vipande, na kwa kujiaminisha kwamba haikuwa almasi atavitupa.

Jaribio la kioo nalo halina nguvu. Kioo cha dirisha kina ugumu wa namba 5 na nusu hivi katika kipimo cha Mohs. Kwatzi, ambayo ni moja ya madini yaliyojaa katika changarawe za nchi yetu, ni namba 7. Kwatzi basi hukwaruza kioo bila taabu, na huwa nyeupe na yenye kung'aa vilevile. Kijana aliposikia hayo alilitazama jiwe lake kwa jicho jingine. Hatukulipiga nyundo.

Mbegu, karati na ua la waridi

Ukurasa wa almasi ulitupeleka kwenye ukurasa wa karati, kipimo cha uzito wa vito. Asili yake ni mbegu ya mti wa karobu, umeao katika nchi za kandokando ya Bahari ya Kati. Wafanyabiashara wa zamani walizitumia mbegu hizo kama mawe ya mizani. Tangu mwaka 1907 karati imewekwa kuwa miligramu 200 kamili, yaani sehemu ya tano ya gramu. Karati tano ni gramu moja.

Kwa kipimo hicho tunaweza kuitazama vizuri almasi mashuhuri kuliko zote zilizotoka Mwadui. Mgodi ulianzishwa na mwanajiolojia wa Kanada, Dakta John Thorburn Williamson, aliyezaliwa Quebec mwaka 1907. Simulizi za jinsi alivyopata almasi ya kwanza ni nyingi, na karibu zote zina mti wa mbuyu ndani yake. Mbuyu huo msomaji auchukue kama hadithi nzuri. Kinachothibitika ni mwaka, 1940. Mwaka 1947 ilipatikana pale almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa Novemba mwaka huo na baadaye akawa Malkia. Ilichongwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya kipini cha kifuani chenye umbo la ua, kilichotengenezwa na Cartier.

Wanafunzi wafanye hesabu. Karati 54.5 ni gramu 10.9. Msongamano wa almasi ni gramu 3.52 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo jiwe zima lilikuwa na ujazo wa sentimita 3.1 za ujazo, sawa na mchemraba mdogo wenye ubavu wa sentimita moja na nusu hivi. Baada ya kuchongwa zilibaki gramu 4.72. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda na vumbi na vipande ili nuru ipate kuchezea ndani ya kilichobaki.

Na ile rangi ya waridi? Rangi ya manjano katika almasi husababishwa na chembe za naitrojeni zilizoingia kati ya atomi za kaboni, na ya buluu husababishwa na boroni. Ya waridi kwa kawaida haitokani na kitu cha kigeni. Hutokana na jeraha: almasi ilipokuwa bado vilindini ilikandamizwa na kupindwa kwa nguvu, safu za atomi zikateleza kidogo kutoka mahali pake, na mteguko huo ndio unaobadili nuru ipitayo. Kilichopendeza katika kipini cha Malkia ni kilema.

Mkaa uliovaa joho

Kila mwanafunzi wa kemia ameambiwa kwamba almasi ni kaboni tupu, sawa na grafati iliyomo ndani ya penseli. Wachache hufikiri maana yake: almasi huungua. Mwaka 1772 Mfaransa Antoine Lavoisier alielekeza miale ya jua kwa kioo kikubwa cha kukusanyia nuru juu ya almasi, na almasi ikatoweka. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant alifanya jambo la uangalifu zaidi. Aliiweka almasi pamoja na shura ndani ya mrija wa dhahabu, akaipasha moto mpaka ikaungua, kisha akapima hewa iliyotoka. Ikawa ni hewa ileile, na kwa kiasi kilekile, kama inayotolewa na uzito huohuo wa mkaa. Ndugu zetu wa Geita waweza kufurahi kwamba dhahabu ilihitajika ili kuthibitisha kwamba almasi ni mkaa.

Hesabu hii nayo yafaa darasani. Atomi moja ya kaboni ina uzito wa 12 na molekuli ya kaboni dioksidi ina 44. Karati moja ya almasi, yaani gramu 0.2, ikiungua yote hutoa gramu 0.73 za kaboni dioksidi. Mkaa wa uzito huohuo, kama ni kaboni safi, hutoa gramu 0.73 pia.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba hapa juu ya ardhi almasi si hali ya kudumu ya kaboni. Katika joto na kanieneo tunamoishi, yaani msukumo wa nguvu juu ya kila eneo, kaboni hutulia ikiwa grafati. Kila almasi iliyoko katika pete ingepaswa kugeuka kuwa kitu cha penseli. Haigeuki kwa sababu mageuzi hayo yanahitaji kuvunja vifungo vyenye nguvu sana kati ya atomi, na kwa joto la kawaida mwendo wake ni wa polepole kiasi cha kutopimika. Wenye pete wasiogope.

Safari ya kupanda

Basi almasi hutulia wapi? Kwa kawaida katika kina cha kilometa 150 na zaidi chini ya miguu yetu. Umbali huo haupishani sana na safari ya barabara kutoka Maganzo hadi Mwanza, isipokuwa ni kwenda chini. Huko joto hufika nyuzi 900 hadi 1,300 za Sentigredi, na kanieneo hufika mara 50,000 hivi ya ile ya hewa tunayovuta. Tena haifai kuwa popote. Panahitajika sehemu za kale za bara, zenye mizizi minene na iliyopoa. Sehemu kubwa ya kati ya Tanzania, Shinyanga ikiwamo, imekaa juu ya mzizi wa namna hiyo.

Almasi nyingi zilizopimwa umri duniani zina miaka kati ya bilioni 1 na bilioni 3.5. Mwamba uliozileta juu kwa kawaida ni mdogo kwa umri kuliko zenyewe. Mwamba huo huitwa kimberlaiti, kwa jina la mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Ulipanda ukiwa majimaji yenye gesi nyingi, ukipasua njia na kubeba mawe ya vilindini kama mafuriko yanavyobeba magogo. Wataalamu hukadiria safari hiyo ilichukua saa chache au siku chache tu. Mwendo wa haraka ulikuwa wa lazima: kama ungekawia katika joto lile huku kanieneo ikipungua, almasi zingegeuka grafati njiani.

Kimberlaiti ya Mwadui ililipuka makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Mdomo wake una eneo la hekta 146, sawa na viwanja 200 hivi vya mpira wa miguu, na ni miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani. Kwa nini uwe mpana hivyo? Kimberlaiti ina umbo kama la karoti: pana juu, nyembamba chini. Kimberley mvua na mito ya enzi zimekwisha kula sehemu ya juu, na wachimbaji walikuta shina. Mwadui mmomonyoko umekuwa mdogo, na mdomo wa volkano umebaki. Ndani yake wanajiolojia walikuta matabaka ya matope yaliyogeuka mwamba, yaliyotua taratibu chini ya ziwa. Naam, pale Mwadui, ambapo leo kiangazi hukausha hata majani ya mihina, palikuwa na ziwa ndani ya volkano.

Mdomo huo mpana haumaanishi almasi nyingi. Kwa kawaida Mwadui tani 100 za mwamba hutoa karati 6 hivi, yaani gramu 1 na ushei. Kuzitafuta kwa macho ni kazi bure, na ndiyo sababu viwandani hutumika tabia nyingine za almasi. Haipendi maji lakini hushikana na mafuta, hivyo changarawe iliyolowa ikipitishwa juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe mengine huteleza na almasi hunasa. Na ikipigwa na miale ya eksirei almasi nyingi hutoa mwanga, na mashine huuona mwanga huo na kulirusha jiwe pembeni kwa pumzi ya hewa.

Tukiwa katika ukurasa wa kimberlaiti tulikuta jina ambalo hatukulitazamia: Vilima vya Igwisi, mkoani Tabora. Hivi ni vilima vitatu vidogo vya volkano, na ndiyo kimberlaiti changa kuliko zote zinazojulikana duniani. Vililipuka miaka elfu kumi na ushei iliyopita. Kimberlaiti nyingine zina umri wa mamilioni na mamilioni ya miaka, na hakuna binadamu aliyeona hata moja ikilipuka. Ile ya Igwisi ililipuka wakati Afrika Mashariki tayari ilikuwa na wawindaji wenye zana za mawe. Hatuna ushahidi kwamba yupo aliyeuona moto ule, lakini wakati wake uliruhusu. Kitu hiki cha pekee duniani kiko kusini-magharibi mwa Shinyanga, na ni wanafunzi wangapi wa Tabora wamewahi kukisikia?

Ukurasa mwingine ulituonyesha watafiti wasiolipwa mshahara. Nchini Botswana mgodi mkubwa wa Jwaneng ulikuwa umefunikwa na makumi ya mita ya mchanga wa Kalahari. Mchwa, katika kuchimba kwenda chini kutafuta unyevu, walipandisha punje ndogo za madini yanayofuatana na kimberlaiti, kama vile ganeti nyekundu na ilmenaiti nyeusi. Watafiti walizikuta punje hizo juu ya ardhi katika miaka ya 1970 na wakajua pa kuchimba. Kichuguu ni sampuli ya udongo wa chini iliyokwisha kuletwa juu bila gharama.

Tulivyolipima jiwe

Msomaji atauliza: katika haya yote, lipi la kuaminiwa, ikiwa hata Pliny aliandika habari za damu ya beberu? Sisi tulishika desturi moja. Jambo tuliloweza kulihesabu, tulilihesabu. Jambo lililotajwa na ukurasa mmoja tu, tulilitafuta mahali pengine, na likikosekana tuliliacha. Mambo mawili matatu matamu tumeyaacha kwa sababu hiyo. Na jambo lililowezekana kupimwa katika maabara ya shule, tulilipima.

Jiwe la mwanafunzi lilifungwa kwa uzi mwembamba na kuning'inizwa kwenye mizani. Hewani lilikuwa na gramu 5.3. Kijana akapiga hesabu upesi kichwani, akasema kwamba hizo ni karati 26 na nusu, kuipita ile ya Malkia baada ya kuchongwa! Darasa likacheka, naye akacheka. Kisha tukalizamisha katika bilauri ya maji, likiwa bado limening'inia, bila kugusa chini. Mizani ikasoma gramu 3.3. Kwa kanuni ya Archimedes, upungufu wa gramu 2.0 ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya 5.3 kwa 2.0, unapata 2.65. Almasi ingetoa 3.52. Namba 2.65 ni ya kwatzi.

Kijana alilifunga jiwe katika kitambaa chake. Aliandika hesabu yote katika karatasi ili amwonyeshe baba yake mdogo kabla ya siku ya mnada wa ng'ombe, akatuomba pia uzi ule.